Judo, jujitsu, karate au ndondi? Ulinganisho kwa kijana mdogo wa mwili anayeanza mazoezi pamoja na watu wazima

Kijana wa miaka 14 mwenye kilo 45 anapoingia katika ukumbi wa mazoezi ambamo wengi ni watu wazima wa kilo 80 na zaidi, swali la kwanza ambalo yeye na wazazi wake huuliza ni mchezo upi unamfaa mtu mdogo. Swali hilo hujibiwa haraka mno, na kwa kawaida hujibiwa na mtu anayeutetea mchezo wake: mcheza judo atasema judo ilibuniwa kwa ajili ya mnyonge, wa jujitsu atasema vivyo hivyo, na mwalimu wa aikido atatabasamu tu. Ninaona liko swali lenye manufaa zaidi, nalo ni hili: uzito wa yule mwenzake mkubwa unaishia wapi, na kijana ana njia gani ya kuusimamisha kabla haujamuumiza? Jibu hubadilika kutoka mchezo mmoja hadi mwingine, na mabadiliko hayo ndiyo ninayoyalinganisha hapa.

Kwanza tusidanganyane kwamba ufundi hufuta uzito. Judo iliingia katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1964 mjini Tokyo ikiwa tayari na madaraja ya uzito, pamoja na daraja moja la wazi ambamo mtu wa uzito wowote aliruhusiwa kushindana. Medali ya dhahabu ya daraja hilo ilichukuliwa na Mholanzi Anton Geesink, mtu wa karibu mita mbili, aliyembana chini Mjapani Akio Kaminaga katika fainali hadi muda wa kubana ukatimia. Geesink alikuwa fundi hodari, si pande la mtu tu, lakini ufundi wake ulikuwa na mwili mkubwa nyuma yake. Baada ya mwaka 1984 daraja la wazi liliondolewa katika Olimpiki, na leo wanaume wanaoshindana mmoja mmoja hugawanywa katika madaraja saba, kuanzia lile la kilo 60 hadi lile la zaidi ya kilo 100. Ikiwa mabingwa wa dunia, ambao ufundi wao unakaribiana, hawapambanishwi wa kilo 60 na wa kilo 100, mwanafunzi wa wiki ya tatu hana sababu ya kuona aibu akilemewa.

Kuna jambo la pili ambalo haliwahusu watu wazima wenye miili midogo, bali vijana peke yao. Karibu na ncha za mifupa mirefu ya mtu anayekua kuna tabaka la gegedu ambapo mfupa hurefuka, na tabaka hilo hugeuka kuwa mfupa kamili ujana unapokaribia kwisha, kwa wasichana mapema kuliko kwa wavulana. Kabla ya hapo, tabaka hilo ni dhaifu kuliko kano imara zinazoshikanisha kiungo, kwa hiyo mkunjo wa kiwiko ambao ungemletea mtu mzima mteguko unaweza kumletea kijana jeraha la mfupa wenyewe, tena pale panapoamua mfupa huo utakua vipi. Maumivu karibu na kiungo yasiyopungua kwa siku chache yanahitaji daktari, si mafuta ya kuchua.

Judo: uzito unaoanguka

Jigoro Kano, mwasisi wa judo, aliyeanzisha ukumbi wake wa Kodokan mwaka 1882 akiwa na miaka 21, alikuwa mtu mfupi aliyetafuta walimu wa jujutsu ya kale ya Kijapani kwa sababu alichoka kuonewa na wanafunzi wenzake. Husimuliwa kwamba katika shule yake ya kwanza ya mapigano alikuwapo mwanafunzi mnene ambaye Kano hakuweza kumwangusha kwa lolote alilofundishwa, hata akaanza kupekua mbinu za sumo na vitabu vya mieleka ya Magharibi, ndipo akapata mtupo wa kumbeba mtu mabegani ambao leo unaitwa kataguruma. Kisa hiki husimuliwa sana kwa wanaoanza, na mara nyingi husimuliwa kwa kuruka sehemu muhimu: Kano alipomtupa yule mtu, tayari alikuwa ameangushwa naye mara nyingi na alikuwa amejifunza kuanguka.

Hapo ndipo judo inapozidi michezo mingine yote ninayoilinganisha. Somo lake la kwanza ni ukemi, yaani namna ya kuanguka kwa kukunja kidevu kifuani, kupiga mkeka kwa mkono mzima na kusambaza kishindo badala ya kukiacha kiishie mahali pamoja. Kijana atakayefundishwa hilo vizuri atalitumia hata siku atakayoteleza akiwa na miaka 60.

Hata hivyo, mtupo una tabia moja ambayo mzazi lazima aielewe: ukishaanza, hauna breki. Katika kabari au mkunjo wa kiwiko, anayelemewa hugonga mkeka na mwenzake huachia. Miguu ikishaondoka chini, kugonga hakuna maana tena. Zaidi ya hayo, mtu mzima asiye na uzoefu mara nyingi hupoteza mizani katikati ya mtupo wake na kumwangukia aliyemtupa, na hapo kijana hupokea sakafu kutoka chini na kilo 85 kutoka juu. Japani, ambako judo hufundishwa mashuleni, zaidi ya wanafunzi 100 walipoteza maisha katika judo ya shuleni tangu mwaka 1983 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2010, wengi kwa majeraha ya kichwa, na waliokuwa katika hatari kubwa ni wale wa mwaka wa kwanza waliotupwa na waliowazidi kabla hawajaweza kuanguka. Mtupo uliotajwa sana ni osotogari, ule wa kuufagia mguu kwa nyuma, kwa sababu humpeleka mtu chini kwa kisogo. Sisemi hivi ili kuwatisha watu waikimbie judo, kwani watoto wengi mno huicheza salama, bali kuonyesha hasa kasoro iko wapi: si katika mchezo, ni katika haraka ya kumtupa asiyejua kuanguka.

Kwa hiyo, katika ukumbi wa judo wenye watu wazima wengi, mpangilio unaofaa ni kijana kufanya uchikomi, yaani kuingia katika mtupo bila kuumalizia, na mtu yeyote. Kutupwa na wenye mikanda ya juu peke yao, juu ya godoro nene ikiwa lipo. Na pambano huru la kusimama kuliahirisha mpaka apatikane mtu anayekaribiana naye kwa kilo. Mapambano ya chini, ambako hakuna wa kuruka, anaweza kuyaanza mapema zaidi.

Jujitsu ya Brazil: uzito unaolala

Katika jujitsu ya Brazil sehemu kubwa ya pambano hufanyika chini, na hilo hubadilisha hesabu yote. Mwenzake mkubwa haanguki juu ya kijana, humlalia. Kulaliwa na mtu wa kilo 90 hakupendezi hata kidogo, kwani pumzi hubana na mtu hupatwa na hofu ya kuzama, lakini ni jambo linalokuja polepole, linalotoa muda wa kufikiri, na linalosimama kijana anapogonga mara mbili au kusema "nimekubali". Hii ndiyo tofauti ninayoipa uzito kuliko nyingine zote. Mnyonge ameshika breki mkononi mwake.

Mchezo huu pia una jibu la wazi kwa mtu aliye chini. Kwanza kabisa mwanafunzi hufundishwa kusogeza nyonga pembeni kwa mwendo wa kamba (yule wa baharini, si wa kufungia mzigo), akiingiza goti lake katikati na kujenga nafasi kwa miguu, ambayo hata kwa mtu mdogo ina nguvu kuliko mikono ya mtu mkubwa. Royce Gracie, mpiganaji wa jujitsu ya Brazil aliyekuwa na takriban kilo 80, alimkaba Dan Severn wa zaidi ya kilo 110 kwa miguu yake mwezi Desemba 1994, akiwa amelaliwa kwa sehemu kubwa ya pambano lililozidi dakika 15. Mfano huo ni wa kweli na una mafunzo, ingawa wanaoutumia kuuza madarasa husahau kutaja kwamba Royce alikulia katika familia ya walimu na alikuwa akifanya mazoezi tangu utotoni.

Breki hiyo, kama breki zote, hufanya kazi kwa anayeikanyaga. Mwaka 1951, jijini Rio de Janeiro, Helio Gracie, baba yake Royce, mtu mwepesi aliyesifika kwa ufundi, alikutana na mcheza judo Masahiko Kimura aliyemzidi sana kwa uzito. Kimura aliuzungusha mkono wa Helio nyuma, Helio akakataa kugonga, mkono ukavunjika, na pambano likasimamishwa na wasaidizi wa Helio. Mkunjo huo unaitwa kimura hadi leo. Helio alikuwa mtu mzima aliyechagua mwenyewe. Kijana anayeogopa kuonekana dhaifu mbele ya wakubwa hafanyi uchaguzi wa aina hiyo, kwa hiyo mwalimu anatakiwa amwambie waziwazi, tena mbele ya wote, kwamba kugonga mapema ndiyo adabu ya ukumbi.

Yapo mambo manne ya kuangalia katika ukumbi wa jujitsu. Mapambano ya wanaoanza yaanzie magotini au wakiwa wamekaa. Mtu yeyote asimrukie mwenzake kiunoni na kujining'iniza, kwa sababu goti la aliyesimama ndilo hulipa. Mbinu za kuzungusha kisigino ziwe marufuku kwa kijana, kwani goti huharibika kabla maumivu hayajamwonya, na kanuni za mashindano za IBJJF, shirikisho la kimataifa la jujitsu ya Brazil, hazimruhusu kabisa. Kabari nayo isivumiliwe "kidogo tu", maana iliyokaa sawasawa shingoni humpoteza mtu fahamu ndani ya sekunde chache. Mzazi ajue pia kwamba kwa kanuni za shirikisho hilo mkanda wa buluu hautolewi kabla ya miaka 16, na kwamba kijivu, njano, chungwa na kijani ni mikanda halali ya vijana, mwanawe hajacheleweshwa.

Kasoro kubwa ya jujitsu kwa mtu mdogo si ya mifupa, ni ya moyo. Kwa miezi mingi atakuwa chini. Katika karate anaweza kuimaliza kata yake, yaani mfululizo uliopangwa wa mapigo na vizuizi, vizuri na kurudi nyumbani akiwa na furaha. Katika jujitsu anaweza kuhudhuria wiki nane bila kumshinda mtu hata mmoja, na kijana ambaye hakuambiwa mapema kwamba kipimo chake ni kutoroka mara moja zaidi kuliko juzi ataacha.

Karate na taekwondo: uzito unaosimama kabla ya kukugusa

Karate ya kawaida ina faida ambayo haizungumzwi vya kutosha: kijana anaweza kujifunza kwa muda mrefu bila uzito wa mtu yeyote kumfikia. Misingi hufanywa hewani, kata hufanywa peke yako, na mazoezi ya wawili huanza kwa hatua zilizopangwa, ambapo kila mmoja anajua pigo gani linakuja na linaelekea wapi. Hili halikutokea kwa bahati. Anko Itosu, aliyeipeleka karate katika shule za Okinawa mwanzoni mwa karne ya 20, alitunga kata tano za Pinan zikiwa hatua za kuwafundishia wanafunzi wa shule, na kata hizo, ambazo katika mitindo mingine huitwa Heian, bado ndizo mlango wa kuingilia.

Udhaifu wake ni kwamba usalama wa kumite, yaani pambano la karate, umo mikononi mwa anayepiga, si anayepigwa. Ngumi inayotakiwa kusimama inchi moja kabla ya uso husimama ikiwa mwenyewe anaweza kuisimamisha, na mtu mzima wa miezi miwili hawezi bado. Jina la mchezo peke yake pia halitoshi. Kyokushin, iliyoanzishwa na Masutatsu Oyama, huitwa karate kama nyingine, lakini huruhusu mapigo kamili mwilini na mateke kichwani, na hapo kilo hurudi kuwa kilo. Uliza mtindo, kisha uliza wanaoanza hugusana kwa kiasi gani.

Taekwondo huhitaji tahadhari ya kipekee kwa sababu ya kimo. Katika mashindano, teke la kichwani hutoa pointi 3 na la mwilini 2, na teke la kuzunguka huongezewa pointi 2, kwa hiyo mchezo wenyewe humzoesha mtu kulenga juu. Teke ambalo mtu mzima hulilenga kifuani kwa mwenye kimo chake humfikia kijana usoni bila nia mbaya yoyote. Kinga ya kifua na kofia husaidia dhidi ya michubuko, lakini hazifupishi mguu wa mwenzake. Bahati njema ni kwamba kumbi nyingi za taekwondo zina vijana wengi, na palipo na vijana wa kutosha tatizo hili halipo.

Ndondi

Ndondi ni mazoezi mazuri mno ya pumzi, miguu na subira, na kijana mdogo anaweza kuyapata yote hayo katika kamba ya kuruka, mfuko wa mchanga na glavu za kocha. Ninachopinga ni ulingo wake dhidi ya watu wazima. Wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi huumia; hapa nyasi ndiyo inayoombwa ipigane na tembo. Ngumi humlenga mtu kichwani kwa makusudi, hakuna ishara ya kugonga katikati ya ngumi, na kofia ya kinga hupunguza kuchanika ngozi bila kuuzuia ubongo usitikisike ndani ya fuvu. Mwaka 2011 vyama vya madaktari wa watoto vya Marekani na Kanada vilitoa msimamo wa pamoja wa kupinga ndondi kama mchezo wa watoto na vijana, hasa kwa sababu hiyo ya kichwa. Anayeona msimamo huo umezidi anaweza angalau kukubali sehemu yake ndogo: asiyezidi kilo 50 hapigani na wa kilo 80, hata kwa glavu za aunsi 16, hata kwa "polepole". Na katika mchezo wowote ule, kijana aliyepigwa kichwani akaona kizunguzungu, kichefuchefu au akasahau kilichotokea, mazoezi yake ya siku hiyo yamekwisha na daktari ndiye anayesema atarudi lini.

Mieleka nina neno moja kuihusu: inafundisha mengi na haisamehe tofauti ya uzito, kwa hiyo bila mwenzake wa kilo zake asiianze. Aikido, iliyotokana na Morihei Ueshiba, ambaye naye alikuwa mfupi, ni pole kwa sababu kwa kawaida haina mashindano na mwenzako hukubali kuanguka. Upole huo ni faida kwa anayetaka kujifunza mwendo na kuanguka, na ni hasara kwa anayetaka kujua kama mbinu yake ingefanya kazi kwa mtu anayekataa.

Mwenzake ni nani, hata mchezo ukishachaguliwa

Watu huogopa mkanda mweusi mkubwa kupita kiasi. Kwa kawaida yeye ndiye mtu salama kuliko wote ukumbini: ameshaumizwa, ameshawaumiza wengine kwa bahati mbaya, na anajua kuubeba uzito wake kwenye magoti yake badala ya kifua cha mtoto. Wa kumwogopa ni mkanda mweupe wa kilo 90 katika mwezi wake wa pili, anayeshtuka akibanwa, anayenyanyuka kwa nguvu zote na ambaye hajui viwiko vyake viko wapi. Baada yake ninamweka kijana mwenzake mwenye kiburi, ambaye uzito wao ni sawa lakini hakubali kushindwa. Mwenza bora wa kuanza naye mara nyingi ni mtu mzima mwepesi mwenye miaka kadhaa ya mazoezi, na katika kumbi nyingi huyo ni mwanamke wa kilo 55 au 60 ambaye ameshapitia yote haya akiwa mdogo kuliko wote mkekani.

Ndiyo maana darasa la watoto si jibu la moja kwa moja. Kijana wa miaka 15 aliyewekwa na wa miaka 8 atakuwa yeye ndiye mkubwa asiyejua kupima nguvu, na hatajifunza kulemewa. Panapokuwa na darasa la rika la miaka 13 hadi 17, hilo ndilo la kwanza. Lisipokuwapo, darasa la watu wazima wenye utaratibu ninalipendelea kuliko la watoto wasio na utaratibu, mradi mwalimu ndiye anayepanga nani afanye na nani, wazazi wanaruhusiwa kukaa na kutazama, na kijana habadili nguo chumba kimoja na watu wazima. Mahali ambapo mzazi haruhusiwi kutazama, usiulize la pili.

Kwa kijana niliyemtaja mwanzoni, mwenye kilo 45 na watu wazima watupu mbele yake, ningechagua jujitsu ikiwa ukumbi unaanzisha mapambano chini na watu wake wanagonga bila aibu. Judo ningeipa nafasi ya pili, na ningeipandisha iwe ya kwanza nikimkuta mwalimu anayetumia wiki nyingi kwenye kuanguka kabla ya mtupo wa kwanza. Karate ya kugusana kidogo ningempa kijana mwoga wa kushikwa, au aliyekata tamaa baada ya kulaliwa mahali pengine. Taekwondo ningesubiri mpaka nione vijana wangapi wapo. Ndondi ningemruhusu mpaka kwenye mfuko.

Siku ya kwanza ya pambano, kijana anaweza kumwambia mwenzake kabla hawajashikana: "Shikamoo kaka, mimi bado mgeni na nina kilo 45, naomba twende taratibu na usinilalie kwa uzito wote." Wengi wataitikia na kumfundisha kitu papo hapo. Akitokea wa kucheka na kuanza kwa nguvu zilezile, kijana ana haki ya kugonga mkeka, kuinama kwa heshima na kumwomba mwalimu ampe mtu mwingine.